Leza ya kijani ya kuoneshea nyota: uzoefu wangu wa miezi saba Mtwara

Nafundisha fizikia sekondari hapa Mtwara, na miaka yote nimekuwa nikiwaonesha wanafunzi nyota kwa kidole. Kidole hakifai. Ukisema "ile pale, juu ya mnazi", watoto arobaini wanatazama nyota arobaini, kwa sababu kila mmoja anakifuata kidole chako kutoka pale alipokaa yeye. Leza ya kijani inaondoa tabu hiyo kabisa. Usiku mwale wake unaonekana kama kamba iliyovutwa kutoka mkononi mwako mpaka kwenye nyota, na hakuna tena wa kuuliza "ipi, Mwalimu?"

Nyekundu niliwahi kuwa nayo, zile za kwenye funguo. Haisaidii kitu angani. Jicho letu linaona rangi ya kijani vizuri kuliko rangi nyingine yoyote, na mwanga wa leza hizi, wa nanomita 532 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), uko karibu sana na pale jicho lina nguvu zaidi. Kwa hiyo leza ya kijani inaonekana kali mara nyingi zaidi ya nyekundu yenye nguvu ileile.

Basi mwezi wa kwanza nikaagiza Kariakoo kwa simu, shilingi 45,000, ikaja na basi. Mwili wa chuma mweusi, unene wa muhogo mwembamba, betri moja ya lithiamu ile wanayoiita 18650, kifunguo kidogo nyuma cha kufungia, na kofia ya mbele inayotawanya vidoti vya kijani ukutani. Hiyo kofia iondoe siku ya kwanza. Inatupa miale kila upande na huwezi kujua upi unakwenda kwenye jicho la nani.

Kilichonishtua mapema ni maandishi. Boksi linasema miliwati 1000, yaani nguvu ya mwanga wake. Kibandiko cha mwilini kinasema chini ya miliwati 5. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili, na tofauti yake si ndogo. Leza ya hadi miliwati 1 jicho hujikinga lenyewe kwa kupepesa, maana kope hufumba ndani ya robo sekunde hivi. Hadi 5 ni ya kushika kwa uangalifu. Kuanzia hapo mpaka 500 jicho linaweza kuungua kabla kope haijafika, na ikivuka 500 hata kile kidoti kilichotua ukutani si cha kukikodolea macho kwa karibu. Nikaweka njiti ya kiberiti kwenye kipande cha tofali, nikaielekezea kwa umbali wa hatua mbili. Sekunde nne hivi, kichwa cha njiti kikafuka, kikawaka. Leza ya miliwati 5 haiwashi kiberiti. Kibandiko kilikuwa kinanidanganya, na kilidanganya upande wa hatari.

Hapo ningeifungia sandukuni, sikuifungia. Nikaendelea kuitumia nikijiambia mimi ni mtu mzima. Jioni moja uani nikamwachia mpwa wangu aishike dakika moja, nimesimama pembeni yake. Jirani alikuwa ameegesha pikipiki karibu na ukuta. Mtoto akazungusha mkono, mwale ukapiga kioo cha pembeni cha pikipiki, ukarudi ukapita kwenye jamvi alipokaa mama yangu akichambua mchicha. Niliona kile kidoti cha kijani kikivuka begani kwake, kwenye kanga, kikapanda ukutani. Shibiri moja tu kutoka jichoni.

Mama hakupiga kelele. Alisema, "Baba, hicho si cha mtoto." Basi. Maneno hayo nimekaa nayo mpaka leo.

Na tuelewane kwa nini nilitetemeka. Jicho lina lenzi, na lenzi hukusanya mwale wote ikaufanya nukta ndogo kabisa nyuma ya jicho, kwenye retina. Retina haina maumivu. Mtu anaungua asijue, anakuja kugundua baadaye kwamba katikati ya kila anachokitazama pana doa, na doa hilo huenda lisiondoke maisha yake yote. Usiku ni vibaya zaidi kwa sababu mboni imefunguka sana.

Kuna na hatari ya pili, ambayo wauzaji hawaisemi. Leza nyingi za kijani hazizalishi kijani moja kwa moja. Ndani mna mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa nanomita 808 unaosukuma kioo maalumu, kinatoa infraredi nyingine ya 1064, halafu kioo cha pili kinaigeuza kuwa 532, ndiyo hiyo kijani. Kiwanda kizuri huweka kichujio mbele cha kuzuia infraredi iliyobaki. Cha bei ya chini hukiacha. Mwaka 2010 watafiti wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, walieleza leza moja iliyouzwa kuwa ya miliwati 10: ilitoa kijani hafifu, na infraredi karibu miliwati 20. Mtu anaona mwanga hafifu, anasema hii mbovu haina nguvu, kumbe inamwaga kitu asichokiona wala kope haikikimbii.

Niliijaribu yangu nyumbani, watoto wote wakiwa wamepelekwa kwa dada. Ukitaka kufanya, chukua simu ambayo kamera yake inaona taa ya rimoti ya televisheni unapobonyeza. Kamera ya mbele mara nyingi inaiona. Nikaibana CD ya zamani katikati ya vitabu viwili mezani, inatazama ukuta mweupe, nami nikakaa nyuma yake nikitazama kioo cha simu tu, si ukuta. Nikabonyeza kwa kugusa. CD ikaugawa mwale: kidoti kikali cha kijani, pembeni kidoti cha pili, mbele zaidi cha tatu. Na kwenye simu, katikati ya cha pili na cha tatu, kikatokea kidoti kimoja cha zambarau iliyopauka. Nikazima, nikawasha tena, kipo palepale. Ndiyo 808 hiyo, inatoka nje bila kuzuiwa. Siku hiyohiyo nikatoa betri.

Miwani iliyokuja bure ndani ya boksi ni plastiki ya kijani. Kijani kwa leza ya kijani! Hiyo inapitisha mwanga uleule unaotaka kuuzuia. Miwani ya kweli ya 532 huwa ya rangi ya chungwa au nyekundu, imeandikwa namba za mwanga inaouzuia, na hata hiyo si lazima izuie infraredi. Miwani ya jua usiiweke kabisa kwenye hesabu.

Nikanunua ya pili, shilingi 25,000, ndogo kama kalamu, betri mbili nyembamba za rimoti, na muuzaji safari hii alikubali niijaribu kabla ya kulipa. Haikuwasha kiberiti. Kwenye CD sikuona zambarau. Na mbele ya anga ya Mikindani, mbali na taa za mjini, mwale wake unaonekana vizuri tu na wanafunzi thelathini waliokaa mchangani. Hili ndilo lililonifungua macho kuhusu fedha yangu ya kwanza: kwa kuonesha nyota, miliwati 5 zinatosha. Nguvu ya ziada yote niliyolipia haikuniongezea nyota hata moja.

Upungufu wake: kitufe ni kigumu, ukishika dakika mbili kidole kinauma (afadhali, maana ukikiachia tu inazima). Na betri huisha haraka.

Ninavyoitumia ufukweni ni hivi. Haitoki mkononi mwangu kwenda kwa mwanafunzi. Inawaka ikiwa tayari imeelekea juu, inazimwa kabla mkono haujashuka. Baharini sielekezi kamwe, kwa sababu usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako kule na taa zao, na mwale ukiwa sambamba na maji unafika kwenye mashua ukiwa bado una nguvu. Na ikisikika ndege, hata mbali, nazima mpaka ipite. Mwale unapanuka kadiri unavyokwenda; kwa leza za namna hii, umbali wa kilomita moja unaweza kuwa na upana wa mita moja. Kwa rubani anayetua, hicho si kidoti tena, ni kioo kizima cha mbele kimegeuka kijani na haoni njia. Uingereza na Marekani ni kosa la jinai, kifungo chake kinaweza kufika miaka 5, na naona ni haki.

Mwezi huu wa saba, kipupwe, anga ni safi. Jioni Msalaba wa Kusini unainamia kusini magharibi, nyota ya Nge yenye wekundu iko karibu na utosi. Mama akasikia tunavyozungumza akauliza, "Na Kilimia je? Sisi tulikuwa tunalimia hicho." Nikamwambia kwa sasa kinatoka usiku wa manane. Akasema basi amshwe.

Saa kumi na nusu alfajiri nikamtoa uani, amejifunika kanga mbili. Nikapandisha mwale taratibu upande wa kaskazini mashariki, nikausimamisha kando ya kile kifungu kidogo cha nyota. Akatazama muda mrefu. "Hapohapo. Zima sasa, niitazame mwenyewe." Nikazima, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, akafika sita.

Ile kubwa ipo sandukuni, betri yake kwenye kopo jingine. Kijana mmoja wa bodaboda amenipa ofa ya elfu thelathini. Siuzi.