Laptopu ya kudizaini: acha i7, kagua kioo

Malalamiko ninayoletewa yanafanana. "Dada, kadi za send-off zimerudi kutoka kwa mchapaji, bibi harusi ana rangi ya karoti." Lawama zote anabebeshwa mchapaji. Ukiuliza kazi ilifanyiwa kwenye mashine gani, ni laptopu ya ofisi ya mtumba kutoka Kariakoo, na mwenyewe anaisifia prosesa yake ya i7.

RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16 na diski ya SSD hata muuzaji atakutajia, sipotezi muda huko. Shida iko kwenye kioo. Laptopu nyingi za ofisi zilifungwa kioo cha 45% NTSC (NTSC ni kipimo cha zamani cha upana wa rangi), yaani zaidi kidogo tu ya asilimia 60 ya rangi za sRGB, kipimo kinachotumika kwenye picha nyingi za simu na mtandaoni. Nyekundu na chungwa zinaonekana zimepauka, basi unakoleza. Unakoleza tena. Kwako sura imependeza, lakini faili imebeba ukolevu wote ambao macho yako hayakuuona.

Ukienda dukani beba flashi yenye picha ya uso wa mtu aliyevaa kitenge, na picha hiyohiyo iwe kwenye simu yenye kioo cha AMOLED, kinachoonyesha rangi nyingi, iliyowekwa rangi za asili, si zile za kung'aa. Pandisha mwangaza wa laptopu hadi mwisho, ziweke ubavu kwa ubavu: kitenge kikipauka kwenye laptopu kuliko kwenye simu, kioo hakifai. Kisha laza kioo nyuma taratibu: rangi zikigeuka kama negativu, hicho ni TN, aina ya kioo ambacho rangi hubadilika ukikitazama kwa pembe; mrudishie mwenyewe.

Namba moja kwangu ni Dell Precision 5520 au 5530, na sifichi kwamba naipendelea. Hata ile ya kioo cha FHD (full HD) inakupa sRGB karibu yote, ya 4K, yenye nukta nyingi zaidi, inafika Adobe RGB, kipimo kipana kuliko sRGB, na RAM na SSD zote fundi anabadilisha. Ugonjwa wake ni betri kuvimba, kwa hiyo pitisha kidole kwenye tachipadi uone kama imeinuka. Ingiza pia Service Tag ya chini kwenye tovuti ya Dell, utaona ilitoka kiwandani na kioo gani. Hapa ndipo penye mchezo: kioo kikivunjika, kuna mafundi wanaofunga cha bei chee, na tag haitakwambia. Picha ya kitenge itakwambia.

Ya pili, MacBook Air M1 iliyotoka mwishoni mwa 2020. Kioo chake ni cha P3, kipimo kingine cha rangi kipana kuliko sRGB, na haina feni ya kukupigia kelele. RAM yake haiongezeki, hivyo GB 8 ukishainunua umeinunua. Usiichanganye na Air ya 2017, ile yenye tufaha linalowaka nyuma, ambayo wanafunzi wanauziwa kila siku kama "Mac ya graphics". Kioo chake ni TN cha 1440 kwa 900. Ukiona Air ya tufaha linalowaka, ondoka.

ThinkPad P51 na HP ZBook ni bahati nasibu, maana modeli moja ilitoka na vioo tofauti. Baadhi ya P51 zina kihisi cha kurekebisha rangi na wauzaji wanakipigia debe sana, ila kihisi hakiwezi kuzaa rangi ambayo kioo hakina.

Bajeti ikigoma, chukua laptopu ya i5 yoyote nzima, kisha uongeze monita ya nje ya IPS (kioo ambacho rangi hazigeuki ukikitazama kwa pembe) yenye sRGB kamili.

Na ukifika dukani usitamke neno "graphics". Kuna duka nililouliza bei ya Precision kimyakimya, nikatajiwa bei moja. Rafiki yangu akaingia nyuma yangu akasema ni ya kudizaini, ikapanda laki mbili papo hapo, mashine ileile, stika ya i7 ikifutwafutwa kwa shati. Ukiuliza kioo ni asilimia ngapi, unajibiwa "full HD, dada", kana kwamba umeuliza hilo. Halafu waranti: miezi mitatu, ila kioo na betri havimo! Waambie waandike neno "kioo" kwenye risiti kabla hujatoa hela. Wakikataa, maduka yako mengi mtaa huohuo.