Ampu ya tyubu: msinunue (au nunueni, ila muwe na fundi)

Naandika nikiwa bado na hasira, maana zikipoa najua nitanyamaza. Tyubu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti ndani ya ampu yangu ya gitaa, hazikuwa na kosa. Kila niliyemwambia ampu imezima alinijibu "tyubu hizo zimekufa, weka nyingine", na aliyelisema kwa kujiamini kuliko wote ni yule bwana wa Kariakoo aliyeniuzia.

Ni kombo (ampu na spika ndani ya kasha moja) ndogo ya wati 15, tyubu mbili aina ya EL84 mwishoni za kusukuma spika, na aina ya 12AX7 mbele za kupokea gitaa. Mengine yapo kwenye boksi. Kampuni siitaji, duka pia silitaji. Na kwa miezi kadhaa nilitembea kifua mbele, sikatai. Mpiga besi wetu, mtu ambaye kusifu kwake ni kutokulalamika, alisema sasa solo inasikika. Ukigusa uzi taratibu sauti inatoka safi, ukiongeza mkono inaanza kukwaruza yenyewe, hugusi kitufe chochote.

Halafu ikaja harusi. Bibi harusi yuko mlangoni, emsii ameshaita, nimeanza kuingiza solo, ampu ikatoa mlio kama wa dagaa wanaotumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Kimya. Taa ya mbele inawaka kama hakuna kilichotokea. Nikaipiga kofi, ikarudi, ikazima tena katikati ya ubeti. Mwenyekiti wa kamati alikuja mpaka jukwaani kuniuliza kama nimelipwa nusu ndiyo maana napiga nusu. Nikachomeka gitaa kwenye miksa, nikamaliza usiku kwa sauti kavu isiyo na ladha.

Dukani bwana yule hakuinua hata macho kwenye simu. "Kaka, tyubu zinaungua, ndiyo kazi yake. Waranti haihusu tyubu." Kisha akavuta droo, akatoa boksi limeandikwa Mullard. "Chukua hizi, za Uingereza zenyewe." Nikaligeuza boksi: imetengenezwa Urusi. Jamani, kiwanda cha Mullard cha Blackburn, Uingereza, kilishafungwa zamani. Jina likaja kuwa mali ya New Sensor ya Marekani, na tyubu zenyewe zinatoka Saratov, mji wa Urusi kando ya mto Volga. Siyo tyubu mbaya, wengi wanazipenda, na kwa kuwa viwanda vya maana vilivyobaki duniani ni vya kuhesabu, Urusi, Slovakia, China, huna uchaguzi mkubwa. Ila usiniuzie Volga kwa bei ya Blackburn. Nilipomwonyesha maandishi akamgeukia mwenzake: "Hawa ndio wale wateja wabishi." Nipo mbele yake! Nasikia!

Nikaondoka nayo hadi kwa mzee mmoja Temeke, fundi wa redio tangu enzi za redio kubwa za mbao. Kabla ya kugusa chochote alitoa kwanza umeme kwenye kapasita, kwa sababu unabaki humo hata ukichomoa waya ukutani, na unaua. (Msifungue wenyewe, nawaomba.) Akazichomoa EL84, akazipachika kwenye ampu nyingine ya mteja. Zikapiga vizuri kabisa. Kila moja akaigonga kwa penseli ikiwa inafanya kazi, akitega sikio kwenye spika kama italia kama kengele, dalili ya tyubu mbovu. Wapi.

"Mwanangu, njoo uone." Akanipa lenzi. Kwenye mguu mmoja wa soketi, lehemu ilikuwa na ufa mwembamba umeuzunguka mguu wote. Soketi imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya saketi, na tyubu zinaning'inia kichwa chini, kwa hiyo joto lote linapanda kwenye bodi hiyohiyo. Inapata moto, inapoa, spika inaitikisa, mpaka lehemu inaachia. Ilitakiwa soketi ifungwe kwenye chuma cha chesisi, nyaya ndizo ziende kwenye bodi. Lakini nyaya zinataka mikono ya watu, na bodi inapita kwenye mashine ikalehemiwa yote kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo kampuni ilipobana matumizi.

Na hawakuishia hapo. Risista za gridi ya skrini, vile vipande vidogo vya kubana umeme vinavyoipunguzia EL84 mzigo ukiikamua, hazimo. EL84 kwenye karatasi yake mwisho ni volti 300 kwenye anodi, lile bamba lake la ndani. Mzee alipima 340 na ushee. Ampu nyingi hufanya hivyo ili zipate wati, sawa, lakini huku mtaani umeme ukipanda juu ya volti 230, na wa ndani ya ampu unapanda nao. Halafu mbele wameweka kidirisha chenye wavu ili uone tyubu zinavyong'aa. Pesa imekaa panapoonekana.

Nilitaka kuishia hapo: nyota moja, msinunue. Lakini mzee ameshalehemu upya, ameweka risista, na ujira wake haukufika hata nusu ya bei ya zile tyubu za "Uingereza". Juzi nimeipiga mazoezini na, kusema kweli, nilisahau kuwa nina ugomvi nayo. Na kampuni nayo ina lake la kusema: ampu iliyofungwa nyaya kwa mkono inapita bei ya bodaboda mpya, nisingeigusa maishani. Kwa hiyo nawaelewa.

Hapana, siwaelewi. Risista mbili! Ni hela ya kununulia maandazi. Bodi nimewasamehe, hilo la risista sijawasamehe.

Nyota tatu basi, na moja kati ya hizo ni ya mzee wa Temeke. Duka nalipatia sifuri na sirudi tena pale. Labda kwa nyuzi tu, maana nyuzi wanauza bei nzuri.