Hoozuki no Reitetsu: zijue ngano kwanza, ndipo utacheka

Nimeitazama anime hii, yaani katuni ya Kijapani, yote, sehemu 39 za televisheni, na msimu wa kwanza nimeurudia zaidi ya mara moja. Naipa nyota nne kati ya tano. Ni vichekesho vya jehanamu ya Kijapani inayoendeshwa kama ofisi ya serikali: jehanamu nane za moto, nane za baridi, idara 272 kwa jumla. Enma, mfalme anayewahukumu wafu, anazidiwa na kazi, na msaidizi wake mkuu, Hoozuki, humkaripia siku nzima.

Wengi huiacha baada ya sehemu mbili tatu wakisema haichekeshi. Sababu ni moja: kichekesho hakielezwi. Kila utani umesimama juu ya ngano ambayo mtoto wa Japani anaijua tangu chekechea, na usiyeijua unabaki kuona mazimwi yakizungumza tu.

Anza na Momotaro, maana sehemu ya kwanza ni yake. Katika ngano, mtoto anazaliwa ndani ya pichi lililookotwa mtoni, anakua, kisha anakwenda kisiwa cha mazimwi kuyapiga. Njiani anawapata mbwa, nyani na fezanti, ndege wa jamii ya kuku wa porini, kwa kuwagawia madonge ya nafaka. Anime inauliza swali ambalo ngano haikuuliza: hao wanyama walihatarisha maisha kwa ujira wa donge moja? Hoozuki anawapa ajira ya kweli, nao wanahama upande. Momotaro mwenyewe anaishia kwenye bustani ya mapichi, mwanafunzi wa Hakutaku, mnyama wa hekima wa hadithi za Kichina ambaye hapa ni mtabibu mpenda wanawake.

Ya pili ni Kachi-kachi Yama, nayo ndiyo inayotia fora. Tanuki, mnyama wa mwituni wa Japani, anamuua mke wa mkulima. Sungura analipiza kisasi: anawasha moto kuni alizobeba tanuki mgongoni, anapaka dawa ya kuwasha kwenye majeraha, mwishowe anamzamisha kwa mtumbwi wa udongo. Kwenye anime sungura huyo anaitwa Karashi, yaani haradali. Ni mpole, mdogo, mwenye kupendeza, mpaka mtu alitaje neno tanuki. Sisi tuliozoea Sungura mjanja anayemchezea Fisi akili tutashtuka, kwa sababu huyu hana hila ya kujifurahisha. Ana hasira tupu. Angalizo: tanuki ni wa jamii ya mbwa, lakini tafsiri za zamani za Kiingereza zilimwita badger, jina la mnyama wa ukoo wa nyegere. Ukikuta jina hilo, jua ni huyohuyo.

Baada ya hizo mbili, soma kidogo kuhusu Izanami, mungu wa kike aliyekufa akaenda nchi ya wafu, na kuhusu mabinti wawili wa mungu wa mlima, Iwanaga na Sakuya, wote wamo ndani ya Kojiki, kitabu cha mwaka 712. Yoshitsune ni shujaa wa karne ya 12 ambaye hadithi inasema alifunzwa upanga na tengu, zimwi la milimani lenye mabawa, ndiyo maana hapa yuko kwenye polisi ya tengu kunguru. Adhabu zenyewe hazikubuniwa hovyo. Mpangilio wa jehanamu nane za moto ni ule alioueleza mtawa Genshin mwaka 985.

Manukuu, yaani tafsiri inayoandikwa chini ya picha, ndiyo udhaifu mkubwa. Majina hayatafsiriki: Hoozuki ni mmea wenye tunda ndani ya ganda jekundu kama taa ya karatasi, na herufi zake husomeka "taa ya zimwi". Wimbo wa ufunguzi wa kwanza nao umegeuza methali isemayo hata hukumu ya jehanamu hutegemea fedha, ambayo kwetu ingekuwa penye udhia penyeza rupia. Wimbo umeitoa "fedha" ukaweka "wewe". Hayo yote manukuu huyaruka. Tena mara nyingi maandishi ya maelezo hutokea kwenye picha wakati mtu anaongea kwa kasi, kwa hiyo simamisha video, soma, endelea. Sehemu ya dakika 24 itakuchukua kama 30.

Msimu wa kwanza wa 2014, sehemu 13 za Wit Studio, ndio bora: mandhari yake yamechorwa kwa kufuata picha za kale za Kijapani za kuchapwa kwa mbao. Zile 26 za 2017 na 2018 zilitengenezwa na Studio Deen. Rangi zimepoa, utani bado upo. Pale hadithi inapohamia kwa Shetani wa Ulaya, mimi naona inalegea, kwa kuwa anachekwa kwa ugeni wake tu, hakuna ngano nyuma yake.

Usitazame zaidi ya sehemu mbili kwa mkupuo. Kwa kawaida kila sehemu ina visa viwili vinavyojitegemea, na ukivipanga kumi mfululizo makaripio ya Hoozuki yanaanza kufanana. Watoto wadogo wasiachiwe: michoro ni ya kupendeza, ila kuna watu wanaokatwa, wanaochemshwa na mazungumzo ya kikubwa ya Hakutaku. Ukimaliza na bado una hamu, manga ya Natsumi Eguchi, yaani vitabu vya katuni ambavyo anime imetolewa humo, ina juzuu 31, na visa vingi vya humo havikufika kwenye televisheni.