Tuliomba mtu wa kupima mteremko, tukaletewa dira na dhamira

Nyota moja. Naitanguliza kabisa, maana najijua: nikishaandika kidogo hasira hupoa, nikaanza kuwaonea watu huruma.

Huduma yenyewe ni ile inayoitwa msaada wa kitaalamu kwa vikundi vya mtaa. Mnaandika barua, shirika linawaletea wataalamu, nanyi hamlipi kitu kwa sababu mfadhili ameshalipa. Mimi ni katibu wa kikundi chetu na barua niliandika mwenyewe. Ilikuwa mistari sita. Ilisema tumechimba mtaro wa maji ya mvua kwa nguvu zetu, maji yakifika kwenye kona yanasimama, yananuka, mbu wanazaliana, tunaomba fundi au mhandisi aje atuambie tumekosea wapi. Basi. Hatukuomba fedha wala semina.

Ilikuwa mwaka juzi, au ule uliotangulia, mvua zikiwa karibu kuanza. Walikuja na magari mawili, projekta, karatasi kubwa za kubandika ukutani na kalamu za rangi nne. Alikuwepo mwezeshaji mkuu, mama mmoja wa kupiga picha, na kijana msaidizi wa kubeba kila kitu. Nikauliza mhandisi yuko gari lipi. Mwezeshaji akanipiga begani, akacheka: "Katibu, tutafika huko. Tuanze na dira."

Tukaanza na dira. Tangu asubuhi hadi jua la utosi tulikuwa tunabishana iwe "jamii yenye ustawi" au "jamii iliyostawi". Watu waliochubuka viganja kwa kuchimba walikaa kwenye viti vya plastiki wakipigia kura kivumishi. Ilipokwisha dira ikaja dhamira, na baada ya dhamira, maadili ya msingi. Tuna maadili saba sasa. Sikumbuki hata moja.

Haya yote ningeyasamehe. Wanaosaidia vikundi wana ratiba zao, na mimi si mtoto, najua ratiba huwa imeandikwa kabla ya barua yako kufika. Kilichonikalisha hapa kuandika ni daftari.

Mhazini wetu ni bibi mtu mzima, na mtaa mzima tunamwita Bibi. Ana daftari moja la jalada gumu, analitunza ndani ya mfuko wa nailoni, na humo ndani kila mchango wetu umo tangu siku ya kwanza. Wino wa bluu fedha zilizoingia, mwekundu zilizotoka. Pembeni ya jina ameandika maneno. "Ametoa nusu, mtoto kalazwa." "Amemaliza deni, asikumbushwe tena mbele za watu." "Kaleta koleo badala ya fedha, nimekubali." Ukitaka kujua kwa nini kikundi chetu hakijavunjika wakati vingine vimevunjika, usitafute kwenye dira, soma pembeni mwa kurasa zile.

Kilipofika kipindi cha usimamizi wa fedha mwezeshaji akaliomba. Akalishika kwa vidole viwili, akalinyanyua wote walione, akauliza: "Mama, hiki ni kitabu cha hesabu au shajara yako?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Bibi hakusema neno. Alinyoosha mkono, akapokea daftari lake, akalirudisha kwenye mfuko, akaukunja mdomo wa mfuko mara mbili kama afanyavyo siku zote, akalipakata. Nami nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake na sikufungua kinywa. Nyota moja ni nyingi. Kama mfumo ungekubali sifuri ningeweka sifuri.

Sasa, haki ya mtu mpe. Aliyoyasema baada ya kicheko kile yalikuwa ya kweli, na ndiyo yanayoniudhi zaidi. Daftari la Bibi halikuwa na safu ya salio, kwa hiyo ukitaka kujua kikundi kina kiasi gani leo, lazima ujumlishe tangu mwanzo. Stakabadhi hazikuwa na namba za kufuatana. Tena Bibi huyohuyo alikuwa anapokea fedha, anaandika, na anapeleka benki. Mwezeshaji akaeleza kwamba kazi hizo tatu zisishikwe na mkono mmoja, na kila mwisho wa mwezi mtu mwingine alinganishe kitabu na taarifa ya benki mstari kwa mstari. Siku fedha zikipungua, kinga hiyo humsaidia kwanza mhazini mwenyewe, kwa kuwa hakuna atakayeweza kumsingizia. Ni elimu nzuri. Tunaitumia hadi leo. Lakini aliitoa huku ameshamvua nguo mwenye daftari mbele ya wajukuu zake, na nusu ya ukumbi hawakuisikia kwa aibu. Basi nyota moja na nusu, kwa ajili ya safu ya salio.

Wakati wa mapumziko nikaona kiti cha Bibi kitupu. Nikatoka kumtafuta, nikijua kakasirika kaenda nyumbani. Nikamkuta kwenye mtaro. Ameshika ncha moja ya mpira wa maji, ule mwembamba unaopitisha mwanga, na ncha nyingine kaishika yule kijana mbeba projekta. Kumbe kijana alimfuata kumwomba radhi kwa niaba ya bosi wake, naye Bibi akamwambia radhi hailiwi na mbu, njoo uone maji yetu. Mpira waliazima kwa jirani.

Wasioujua ujanja huu niwaeleze, kwa sababu ndiyo huduma pekee ya maana tuliyopata siku ile. Unajaza maji ndani ya mpira, unahakikisha hakuna mapovu, unainua ncha zote mbili. Maji ya ncha hii na ya ncha ile yatakaa kimo kimoja hata ncha zikiwa mbali kiasi gani. Halafu kila upande unapima kutoka usawa wa maji kushuka hadi chini ya mtaro. Kipimo kikiwa kirefu zaidi, hapo ndipo chini zaidi. Kwenye mtaro wetu kipimo kilitakiwa kirefuke kila hatua kuelekea mdomo. Kijana alisema hata asilimia moja inatosha, yaani kila mita 1 ushuke sentimita 1. Tulipofika karibu na kona kipimo kikapungua kwa upana wa kiganja. Chini ya mtaro palikuwa pamepanda! Miezi tumekuwa tukiyalaumu maji, kumbe tulikuwa tunayaamuru yapande kilima.

Dakika 20, labda 30. Bila projekta. Kijana akachora alama kwa chokaa, akaanza kutueleza habari za mdomo wa mtaro, na hapohapo akaitwa kwa sauti kutoka mlangoni. Anahitajika akashike karatasi.

Mchana likaja jedwali la mantiki. Walioandika andiko la mradi wanalijua: safu nne kwa mistari minne, kushoto malengo, kisha viashiria, kisha njia za uthibitisho, na mwisho kabisa yale mnayodhani yatakuwa hivyo ili mambo yafanikiwe. Tulijaza safu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne muda ukaisha. Mwezeshaji akasema hiyo tutaimalizia wenyewe, haina shida. Shida yetu yote ilikuwa kwenye safu ile! Maji yakitoka kwenye mdomo wa mtaro yanapita kiwanja cha mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Tulidhani atakubali. Kama tungelijaza jedwali kuanzia kulia kwenda kushoto ningempa nyota nne na kumbeba mabegani.

Nilivyorudi nyumbani sikulala. Nikaingia kwenye intaneti kutafuta jedwali hili lilitoka wapi. Liliandaliwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani, ili miradi iweze kupimwa. Mwaka huohuo wa 1969, Marekani hukohuko, Sherry Arnstein aliandika makala kuhusu ushiriki wa wananchi, akauchora kama ngazi yenye vidato vinane. Vidato viwili vya chini anasema si ushiriki hata kidogo. Cha kwanza ni kuchezewa akili. Cha pili anakiita tiba: wanyonge wanakusanywa wakatibiwe wao, na kinachowasumbua kinaachwa palepale. Kushauriwa maoni tu ni kidato cha nne, na mamlaka ya wananchi yako juu kabisa, cha nane. Jedwali na ngazi vina umri mmoja. Mwezeshaji wetu alikuja na jedwali, ngazi akaisahau kwenye gari. Nilipofika kwenye neno tiba nikaamka kabisa nikawasha taa.

Lakini hadithi ya siku ile haijaisha. Jioni zikapitishwa fomu za mahudhurio kwa ajili ya posho. Fomu zilikuwa na siku mbili, na semina ilikuwa ya siku moja. Saini hapa, saini na hapa. Ikafika kwa Bibi. Akavaa miwani, akaisoma yote, akasema:

"Mwanangu, mimi nimekuja leo. Jana sikuja. Hata wewe jana hukuja."

"Ni utaratibu tu, mama. Wote wamesaini."

"Basi mimi shajara yangu imeandika siku moja."

Akasaini mara moja, akachora mstari kwenye nafasi ya pili isije ikajazwa na mtu. Hakuna aliyecheka. Mwezeshaji aliichukua fomu bila kumtazama.

Mimi nilisaini mara mbili. Fomu ilipita kwangu kabla haijamfikia yeye. Sasa mnajua kwa nini hasira yangu haipoi, na kwa nini nyota hizi zinapanda na kushuka. Sehemu yake najipangia mwenyewe.

Taarifa yao ilitufikia muda mrefu baadaye, tumeshausawazisha mtaro kwa kufuata alama za chokaa na kumwomba mwenye kiwanja (alikubali, kwa sharti tumjengee kidaraja, na tulijenga). Kitabu kizuri, karatasi inang'aa. Siku mbili za mafunzo, kimeandika. Jalada lake ni picha ya Bibi na kijana wameshika mpira wa maji, na chini yake: "Jamii ikijengewa uwezo." Picha ya mapumziko! Ya jambo ambalo walimwita kijana aliache akashike karatasi.

Nilitaka kuwaandikia barua ya matusi. Bibi akanizuia. Akauliza kama kijana yule bado anafanya kazi pale, nikasema sijui, akasema basi usiwaharibie, wasije wakamwadhibu yeye. Kwa hiyo jina la shirika silitaji, na nyota ziwe mbili, zote mbili za kijana. Ukiomba msaada kwao mwombe yeye kwa sura, wala usikubali kuanza na dira kabla hajauona mtaro wako.

Bibi aliikata ile picha ya jaladani akaibandika kwenye daftari. Daftari sasa lina safu ya salio, limenyooka kwa rula, na pembeni maneno yamebaki vilevile. Chini ya picha kaandika kwa wino wa bluu: "Mpira wa maji, tuliazima. Umerudishwa siku hiyohiyo."