Kikapu cha katani au cha ukindu?

Msusi wa Tanga anayejali mazingira hukutana na swali hili mara kwa mara, hasa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi Juni 2019.

Katani, iliyoletwa nchini mwaka 1893, hupatikana mwaka mzima, na kikapu chake hubeba nazi na mihogo bila kulegea. Hata hivyo, nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na mabaki yakimwagwa mtoni huoza na kuharibu maji. Kwa hiyo ni vyema kumuuliza muuzaji anayapeleka wapi.

Ukindu, yaani majani ya mti wa mkindu, ni mwepesi, hushika rangi vizuri, na chane zake (vipande vyembamba vya jani) zikiloweshwa kidogo hulainika na kutii vidole. Tatizo ni kwamba huvunwa makuti machanga ya kileleni, na mkindu unaokatwa moyo kila mara hudhoofika. Mimi hupendelea kununua kwa mvunaji anayebakiza machipukizi. Vyote viwili huhitaji kuanikwa, kwani unyevu wa pwani huleta ukungu.

Mwenye oda kubwa za vikapu vya sokoni atategemea katani. Anayesuka nyumbani mikeka na vipochi vya rangi, ukindu utamfaa zaidi.