Simuleta ya gofu kwenye gereji yangu Nakuru: kazi iko kwenye kuweka mpira na kamera

Nimeitumia simuleta hii ya kamera ya kando, kifaa kinachopima mpira unaoupiga kwenye wavu na kukuonyesha kwenye skrini ungefika wapi, kiangazi na masika, kwa hivyo sasa naweza kuisemea. Kifaa chenyewe ni kizuri. Shida ni kwamba kijitabu kilichokuja nacho kina maelezo machache mno kuhusu namna ya kukiweka. Ukikiweka ovyo hakikwambii kitu. Kitaendelea kukupa tarakimu safi kwenye skrini, nawe utaanza kurekebisha mkono ambao hauna kasoro.

Nilichagua simuleta ya kamera badala ya ile ya rada kwa sababu ya nafasi. Rada hukaa nyuma ya mchezaji, mita mbili hivi, na bado inataka kuuona mpira ukiruka mita mbili na zaidi kabla haujagonga wavu. Gereji yangu hapa Section 58 ina mita tano tu kwa urefu. Kamera hukaa kando ya mpira ikimtazama mchezaji, kwa hivyo inachotaka zaidi ni upana. Dari nayo iwe ya kuruhusu draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, kuzunguka bila kugonga taa. Wavu alinishonea fundi wa maturubai, na haujanisumbua.

Kamera hii haiufuati mpira hadi kwenye wavu. Inapiga picha chache za haraka mpira unapoondoka, inapima kasi, pembe na jinsi mpira unavyojizungusha, kisha programu inahesabu safari iliyobaki. Mpira wa draiva uliopigwa vizuri unaweza kutoka kwa mita 60 kwa sekunde, yaani sentimita 6 katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukiutanguliza mpira upana wa kiganja tu mbele ya mahali pake, unaweza kuwa umeshatoka machoni pa kamera kabla picha ya pili haijapigwa. Hapo ndipo utaona pigo halikusomwa kabisa, au limesomwa kwa kubahatisha. Mimi nilichora duara dogo kwa rangi nyeupe kwenye mkeka, na mpira haukai kwingine.

Halafu kuna kimo, jambo ambalo watu wengi hulisahau. Mkeka wangu una unene wa sentimita tatu. Kamera ikikaa kwenye sakafu ya saruji na mpira ukakaa juu ya mkeka, kamera inauona mpira ukiwa juu kuliko inavyotarajia. Kipande cha mbao cha unene uleule chini ya kamera kilimaliza kazi. Pimamaji ni lazima pia, kwa sababu sakafu nyingi za gereji zina mteremko wa kutolea maji, na kamera iliyoinama hubadilisha pembe ya kila pigo.

Lakini kilichonichosha zaidi ni mwelekeo. Fundi aliyenifungia aliiweka kamera kwa macho tu, akasema iko sawa. Kila mpira ukawa unaenda kushoto kwenye skrini, hata ile niliyoona kwa macho yangu imegonga katikati ya wavu. Siku moja kijana mmoja anayefanya ukedi, yaani kuwabebea wachezaji fimbo uwanjani, alikuja kunitazama nikipiga. Akanyamaza kwa mapigo kadhaa, kisha akasema, "Boss, mkono wako hauna neno. Hii mashini ndiyo imekaa upande, kama gari lililoharibika alainmenti."

Tulivuta kamba kutoka kwenye duara la mpira hadi katikati ya wavu, tukaipaka chaki na kuipiga sakafuni ikaacha mstari. Kisha tukatumia hesabu ya mafundi wa ujenzi: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na mshazari ukitoka 100 kamili, kona ni mraba. Kamera ikapangwa ikiukabili mstari huo kwa kona ya mraba. Ilikuwa imepinda kama digrii tatu. Zinaonekana chache, ila kwa pigo la mita 150 ni karibu mita nane pembeni, na hapo uwanjani tayari uko kwenye shimo la mchanga.

Mwanga pia una mambo yake. Mlango wa gereji unatazama magharibi, na jua la jioni likiingia kamera inapofuka, maana hutumia mwanga wa infraredi na jua limejaa huo huo. Pazia zito linatosha. Taa za LED hazina shida. Zile balbu za zamani zinazowaka moto ziondoe. Na vumbi letu la Januari na Februari usilichukulie poa: futa lenzi kwa kitambaa cha miwani kabla ya kuanza. Mpira nao uwe msafi, maandishi yake yakiitazama kamera, kwani kwa hayo ndiyo inajua unavyojizungusha.

Jingine halihusu mahali pa kamera, lakini litakupa tarakimu za ajabu usipoligusa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huenda mbali zaidi kuliko Mombasa. Ayoni saba yangu, fimbo ya chuma ya masafa ya kati, uwanjani hufika kama mita 140, lakini skrini ilikuwa inasema 130 hadi nilipoingiza kimo cha hapa kwenye programu.

Kama nyumbani kuna anayepiga kwa mkono wa kushoto, fikiria kamera ya darini mapema, ukiwa na pesa. Binti yangu ni mashoto, na kila zamu yake tunahamisha kamera upande wa pili na kupima upya. Nimeshachora mstari wa pili, lakini bado anaona ni afadhali anisubiri nimalize kabisa.

Kwa kuputi, yaani kuusukuma mpira taratibu chini hadi shimoni, siipendekezi. Mipira ya polepole inaisoma vibaya hata kila kitu kikiwa kimepangwa sawasawa, kwa hivyo kuputi nafanyia kwenye zulia la sebuleni, stima iwepo isiwepo.