Huduma ya kuwatoa wagonjwa Gaza: ndege nyota 5, geti nyota 1

Nimefatilia muda mrefu hii huduma ya serikali mbalimbali kuwatoa raia wagonjwa Gaza kwenda kutibiwa nje, nimeona niandike maana picha zinazosambaa ni zilezile, ndege, machela, waziri kasimama pembeni. Ndege ndo kipande cha mwisho jamani, na ndo kipande rahisi.

Iko hivi. Dokta anaandika rufaa, kamati inapanga nani yuko hoi zaidi, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashika orodha, inatafutwa nchi yenye kitanda, alafu Israel inachunguza jina la mgonjwa na jina la anaemsindikiza, mmoja mmoja, na hilo ndo geti ninalolisema. Hapo kwa msindikizaji ndo panaponiuma zaidi. Mtoto anapita, mama anakataliwa. Sasa mtoto wa miaka mitatu ana drip mkononi unampandisha ambulensi na nani? Anatafutwa bibi, anatafutwa shangazi, makaratasi yanaanza upya, na kansa inaendelea kula mwili wa mtoto kila siku wanayobishana.

Mwanzo wengi walikua wanapitia Rafah kuingia Misri. Mei 2024 jeshi la Israel likaingia pale, kivuko kikafungwa, huduma ikadorora vibaya sana. Februari 2025 kikafunguliwa kwa wagonjwa wakati mapigano yamesimama, Machi vita vikarudi kikafungwa tena. Ilipofika Septemba 2025 WHO ilikua inahesabu zaidi ya watu 15,000 wanaosubiri kutoka.

Kwa upande wa wanaopokea, Misri nawapa maksi za juu kabisa, wamebeba wagonjwa wengi kuliko nchi yoyote. Sijasahau wale vichanga njiti wa hospitali ya Al-Shifa, Novemba 2023, watoto 31 wametolewa hospitali imeishiwa umeme na maji, kesho yake 28 wakavushwa Misri, wengi hawana mzazi pembeni. Vile vimwili vidogo vimelazwa vimepangwa kitanda kimoja vipate joto, na upande wa pili wa mpaka manesi wamesimama na inkubeta zinawasubiri. Ile ndo huduma, mtu ameandaa kabla mgonjwa hajafika. Falme za Kiarabu nao wamejitahidi, waliahidi watoto 1,000 na wagonjwa wa kansa 1,000 wakaleta na hospitali ya melini hapo Al-Arish, mji wa pwani wa Misri karibu na Gaza.

Jordan nina mawili. Februari 2025 Mfalme Abdullah alisema watapokea watoto wagonjwa 2,000, mwezi uliofata wakatoka 29 wa kwanza, nikafurahi kweli. Ila mpango wao ni ukimaliza matibabu unarudi, na Mei 2025 watoto 17 wakarudishwa Gaza na wazazi wao mabomu bado yanaanguka. Mtoto umemtibu, umemshona, clinic ya marudio ataipata wapi kule? Kwa hilo nawakata maksi, hata kama najua hofu yao kwamba watu wakitoka hawatoruhusiwa tena kurudi kwao.

Uingereza wamechelewa sana, kundi la kwanza lililoletwa na serikali limefika Septemba 2025, karibu miaka miwili ya vita. Marekani mwezi kabla ya hapo ndo wamesimamisha viza za watu wa Gaza, hadi za matibabu. Hapo sina nyota ya kutoa.

Na mtu asiniambie haiwezekani. Kuwatoa wagonjwa wa vita Ukraine imewezekana. Umoja wa Ulaya una kituo Rzeszów, Poland, mgonjwa akivuka mpaka analazwa hapo kwanza anatulizwa, maana mtu mwenye jeraha la kifua humrushi tu hivihivi, hewa ikinasa ndani inatanuka ndege ikipanda juu anakata pumzi. Alafu inakuja ndege ya Norway ambayo ni Boeing ya abiria imegeuzwa wodi, vitanda na oksijeni ndani, inagawa wagonjwa nchi tofauti ambazo zimeshasema tunacho kitanda. Zaidi ya 4,000 wamepita njia hiyo. Pesa ni zilezile za serikali, ndege ni zilezile, tofauti kule geti la mgonjwa liko wazi.

Kwa hiyo serikali yoyote inayotaka nyota kwangu ianze kusukuma hapo getini. Tena kwa Gaza ndege ingekua ya wachache tu. Kabla ya vita wagonjwa 50 mpaka 100 walikua wanatoka kila siku kwenda hospitali za Yerusalemu Mashariki na Ukingo wa Magharibi, hospitali ya Augusta Victoria hapo Yerusalemu Mashariki wanatibu kansa mpaka leo, madokta wapo, lugha ni yao, na kutoka Gaza ni mwendo wa gari usiozidi masaa mawili barabara ikiwa wazi.